Sauti Ifike Dawati la Mwisho: Namna Mwalimu Anavyoweza Kuboresha Uzungumzaji Wake Darasani

Mwalimu wa sekondari mwenye vipindi 24 kwa wiki, kila kimoja dakika 40, anasimama mbele ya watu saa 16 kila wiki. Ushauri mwingi kuhusu kuzungumza hadharani, hata hivyo, umetungwa kwa ajili ya mtu wa jukwaani: anaongea mara moja, dakika 20, kwa watu waliokuja kwa hiari yao, anapigiwa makofi na kuondoka zake. Mwalimu anarudi kesho kwa watoto wale wale, 70 au 90, wamebanana watatu watatu kwenye dawati la wawili, na mwisho wa muhula watamjibu kwenye karatasi. Kupendeza si kipimo chake. Kipimo ni mtoto wa dawati la mwisho karibu na dirisha: amesikia nini, na ameandika nini?

Kwa hiyo tuanzie huko nyuma.

Jipime kwanza

Chukua simu yako, iweke katika hali ya ndege ili anayepiga asikukatishe, washa kinasa sauti, uiweke kwenye dawati la mwisho. Itandikie daftari, usiiweke juu ya mbao tupu, maana dawati likigongwa kishindo hufunika kila kitu. Waambie wanafunzi kuwa unajirekodi mwenyewe, wasije wakadhani wanapelelezwa. Rekodi kipindi cha kawaida, ikiwezekana cha nne au cha tano, wakati wewe umeanza kuchoka na wao wana njaa. Kipindi cha kwanza asubuhi kinadanganya.

Usiku sikiliza ukiwa na kalamu. Sauti yako itakukera. Unapozungumza unajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, nayo huiongezea sauti uzito. Simu hunasa ile inayopita hewani tu, ambayo wenzako wameisikia miaka yote bila kulalamika. Achana na uzuri wake, hesabu mambo manne: sentensi ngapi mwisho wake hausikiki, mara ngapi umeuliza "mmeelewa?", "sawa?", "tuko pamoja?", dakika ngapi umeongea mfululizo bila wao kufanya chochote, na wanafunzi wangapi wamesema sentensi nzima, kila mmoja peke yake. Andika namba hizo nyuma ya daftari la maandalio. Ya nne ndiyo huwa inashtua.

Mahali maneno ya Kiswahili yanapopotelea

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya kigeni haviwezi kukuambia. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua sentensi mbili za somo la sayansi: "Sukari inayeyuka." "Mchanga hauyeyuki." Habari yote ya ndiyo au siyo imebebwa na mwanzo wa kitenzi, *hau-*, na irabu yake ya mwisho, *-i*. Mkazo lakini umeangukia *-yu-*, silabi iliyo ile ile katika sentensi zote mbili. Mwalimu mwenye haraka humeza mwanzo wa neno. Mwalimu aliyeishiwa pumzi humeza mwisho wa sentensi. Dawati la mbele litakisia na kupatia. Dawati la mwisho linasikia *-yeyu-*, kisha linaandika linavyojua.

Historia ina mtego wake pia. Mwaka 1891, huko Lugalo, Wajerumani walishindwa na Wahehe wa Mkwawa. Toa sauti moja, *-w-* ya mwisho, na Wajerumani wameshinda vita ambayo hawakuishinda. Mwanafunzi akiandika kinyume kwenye mtihani utasema hakusoma. Huenda alisikia vibaya tu.

Dawa yake ni tabia nne ndogo.

Fupisha sentensi ziingie katika pumzi moja. Maneno kumi hivi yanatosha kwa jambo jipya. Simama kidogo kabla ya kitenzi kinachobeba ukanushi: "Mchanga… hauyeyuki." Shikilia nguvu ya sauti hadi kwenye nukta, kana kwamba neno la mwisho ndilo unalorushia ukuta wa nyuma. Na kila ukanushi mzito uuseme mara mbili kwa njia mbili: "Mchanga hauyeyuki. Unabaki chini ya glasi vile vile." Aliyekosa ya kwanza ataokolewa na ya pili.

Zoezi lake linahitaji mwenzako mmoja na darasa tupu. Asimame mita 8 kutoka kwako, akupe mgongo asisome midomo yako. Msomee aya moja ya kitabu cha kiada. Kila neno linalompotea anyooshe mkono, na wewe urudie sentensi hiyo kutoka mwanzo. Dakika tano tu zinatosha kukuonyesha maneno gani huwa unayameza, na mara nyingi ni ya aina moja.

Kuhusu kasi, utakutana na kipimo cha maneno 120 hadi 150 kwa dakika. Hicho ni cha Kiingereza, kiache huko huko. "Hatutawaandikia" ni neno moja kwetu. Kiingereza kinalihitajia sita. Kipimo bora kiko mbele ya macho yako: kalamu. Unapotoa maelezo ya kuandikwa, soma kifungu cha maneno manne au matano, kirudie mara moja, kisha angalia safu ya mwisho. Zaidi ya nusu ya kalamu zikitulia, endelea. Ukiangalia safu ya mbele utakwenda kasi kupita kiasi, kwa sababu huko ndiko wanakokaa wanaoandika haraka.

Sauti yenyewe

Kupaza sauti na kupiga kelele ni vitu viwili. Anayepiga kelele hubana koo; anayepaza sauti hutumia pumzi nyingi zaidi huku koo likiwa limelegea. Mwalimu anayebana koo hufika Alhamisi sauti imepwelea.

Simama miguu ikiwa upana wa mabega, magoti yasikazwe. Mkono mmoja uweke kifuani, mwingine juu kidogo ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua. Mkono wa chini usogee nje, wa juu utulie. Mabega yakipanda ujue umejaza kifua tu. Toa, anza upya. Kinachofanya kazi hapo ni kiwambo, msuli ulio kati ya kifua na tumbo: ukishuka mapafu hupata nafasi, na tumbo ndilo linalosogea.

Sasa toa pumzi polepole kwa "sssss" ya kiwango kimoja, sekunde 15. Ikianza kutetemeka simama hapo hapo, usikamue. Ukifanya kila siku, baada ya wiki kadhaa utaona sekunde 20 au 25 zinafikika bila taabu. Zoezi hili linafundisha kugawa pumzi, na ndilo litakalookoa zile irabu za mwisho wa sentensi.

Kisha vuma "mmmm" midomo imefungwa lakini meno hayajagusana, kwa dakika mbili, hadi uhisi midomo na pua vinatetema. Fungua mvumo huo uingie kwenye neno: "mmmaji", "mmmoja", "mmmwezi". Mtetemo ukikaa usoni, koo limepumzika. Malizia kwa sentensi ya kwanza ya somo lako la siku hiyo, ukiirusha kwenye ukuta wa mbali. Yote haya hayazidi dakika tano. Unaweza kuyafanya njiani kwenda shuleni, na bodaboda hatakushangaa zaidi ya mara ya kwanza.

Maji nayo yana habari yake. Tangawizi, asali na limau hutuliza kero ya koo, lakini chochote unachomeza hupita kwenye umio. Hakigusi nyuzi za sauti, ambazo ziko kwenye njia ya hewa. Nyuzi hizo hulowana kwa maji ambayo mwili umekwisha kuyasambaza, na hilo huchukua muda. Ndiyo maana kunywa nusu lita kwa mpigo sauti ikishakauka hakusaidii papo hapo. Beba chupa ya lita moja, unywe mafunda madogo tangu kabla ya kipindi cha kwanza, na iwe imeisha mchana.

Acha kukwangua koo kwa "ehem, ehem" kabla ya kuanza. Kila mara nyuzi hugonganishwa kwa nguvu, zinavimba kidogo, unahisi kuna kitu, unakwangua tena. Meza mate au kunywa funda moja. Kunong'ona pia hakupumzishi sauti iliyopwelea; wengi wanaponong'ona hukaza zaidi kongomeo, sehemu ya koo zilimo nyuzi hizo. Kama sauti imeharibika, ongea kidogo na kwa sauti ya chini ya kawaida, na siku hiyo tumia zaidi ubao na kazi za vikundi. Pilipili na mlo mzito usiku wa manane vikifuatwa na kulala mara moja huweza kurudisha asidi ya tumbo hadi kooni. Ukiamka sauti ni nzito kila asubuhi bila mafua, anza kuchunguza hapo. Kupwelea kukipita wiki tatu, nenda hospitali yenye kliniki ya masikio, pua na koo. Ukiwa na maumivu, taabu ya kumeza au damu, usingoje wiki tatu.

Vumbi la chaki lina nafuu rahisi. Futa ubao kutoka juu kwenda chini, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kama ubao wenyewe unaruhusu, na usiongee wakati unafuta. Wengi hufuta huku wakieleza. Wanavuta vumbi na darasa halisikii neno.

Kelele, mvua na mabati

Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza jambo ambalo kila mwalimu analijua mwilini: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujua. Wanafunzi nao ni watu. Ukipaza, wananong'onezana kwa nguvu zaidi ili wasikiane juu yako. Ukisikia wamezidi, unapaza tena. Dakika kumi baadaye darasa limekuwa mnada. Mnyororo huo hukatwa na mwalimu, kwa kushuka.

Chagua ishara moja isiyotumia koo, kama vile mkono ulioinuliwa, au makofi ya mdundo ambao wanafunzi wanaujibu. Itumie hiyo hiyo mwaka mzima. Baada ya ishara usiseme neno hadi kimya kiwe kamili, hata kama ni sekunde 20. Ukianza kuongea juu ya minong'ono michache umewafundisha kuwa minong'ono michache inaruhusiwa. Kugonga meza kwa rula au dasta hufanya kazi siku mbili tatu, kisha darasa hujifunza kuwa lina ruhusa ya kupiga kelele hadi kishindo kisikike.

Salamu ya mwanzo nayo itumie vizuri. Darasa linasimama, "Shikamoo mwalimu", "Marahaba, kaeni", kisha madawati yanakwaruza sakafu na madaftari yanatafutwa. Walimu wengi huanza somo katikati ya mikwaruzo hiyo, na sentensi muhimu ya lengo la somo inazama. Subiri. Hesabu kumi kimoyomoyo. Kwa mwalimu mpya mwenye wasiwasi hizo sekunde kumi ni zawadi: vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mara mbili. Wao hawaoni moyo unavyodunda. Wanaona mtu aliyetulia.

Mvua kubwa juu ya mabati haina mpinzani, na anayeshindana nayo anaharibu koo kwa ajili ya safu mbili za mbele. Andaa "kazi ya mvua": karatasi ya manila yenye maswali matano au mchoro wa kuwekea majina, imekunjwa nyuma ya kabati tangu mwanzo wa masika. Mvua ikianza, itundike.

Mstarini, kwenye uwanja wa shule, hesabu hubadilika. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili nguvu ya sauti hupungua hadi robo. Aliye mita 8 anapata sehemu moja ya kumi na sita ya anachopata aliye mita 2. Darasani kuta hukurudishia sehemu ya sauti. Uwanjani hakuna kuta. Wasogeze wanafunzi wakuzunguke nusu duara, simama mahali palipoinuka, na upepo uwe unatoka mgongoni kwako kuelekea kwao.

Pa kusimama

Usiongee na ubao. Ukigeuka, sauti zinazotofautisha maneno, hasa *s*, *f*, *sh* na *t*, ndizo za kwanza kupotea. Darasa linabaki na mvumo wa irabu. Mpango ni huu: andika ukiwa kimya, geuka, tulia, ndipo useme. Mwanzoni kimya hicho kitakuogopesha. Kwao kinawapa nafasi ya kunakili.

Usisimame mbele ya dirisha lenye mwanga mkali, kwani uso wako unakuwa kivuli. Watu wote husoma midomo kidogo bila kujua, na mwenye usikivu hafifu hutegemea midomo hiyo kabisa. Katika darasa la 80 usidhani hayupo.

Chagua vituo vitatu: katikati mbele, na pembe mbili za mbele. Tembea kati ya vituo ukiwa kimya au wanapofanya kazi. Ukifika, simama, sema. Mwalimu anayetembea huku na huko akieleza huwachosha, na kila akigeuka sauti inapanda na kushuka kama redio yenye betri zilizochoka. Macho yagawe darasa katika mafungu matano, manne ya pembe na moja la katikati, sentensi moja kwa fungu moja. Wengi wetu humtazama yule mwanafunzi mmoja anayetikisa kichwa. Anatia moyo, lakini huyo angeelewa hata bila wewe.

Jambo ambalo karibu kila mwalimu hulifanya kinyume: mwanafunzi wa dawati la mbele anajibu kwa sauti ndogo, mwalimu anamsogelea na kuinama amsikie. Mwanafunzi anashusha sauti zaidi, kwa sababu sasa anaongea na mtu aliye nusu mita. Mazungumzo yamekuwa ya wawili na darasa limeachwa. Fanya hivi badala yake: anayejibu akiwa mbele, wewe rudi nyuma ya darasa, akiwa kushoto, nenda kulia. Atalazimika kupaza ili akufikie, na kila aliye katikati yenu atasikia.

Maneno ya kuandika kabla ya kuingia

Andalio la somo linaeleza shughuli, muda na zana, lakini halikuandikii maneno. Chukua kadi ndogo, andika neno kwa neno vitu hivi tu: sentensi ya kwanza, fasili zote za siku hiyo, maswali matatu makuu, na sentensi ya mwisho. Kila kitu kingine kiseme kwa kichwa chako. Ukiandika yote utasoma, na anayesoma hatazami watu. Usipoandika fasili utaisema kwa namna tatu tofauti katika kipindi kimoja, na madaftari yatakuwa na fasili tatu.

Sentensi ya kwanza isiwe "Leo tutajifunza kuhusu pepo za msimu." Hiyo inafunga daftari kabla halijafunguliwa. Anza na kitu wanachokijua, nenda kwenye jambo, neno jipya lije mwisho. Mfano: "Jahazi lilitoka Oman kuja Zanzibar bila injini. Lilijuaje kwamba upepo utalileta huku, na baadaye utalirudisha?" Wape sekunde chache. Kisha jambo lenyewe: kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi upepo huvuma kutoka kaskazini mashariki, ndio kaskazi, kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba hugeuka, unatoka kusini mashariki, ndio kusi. Mabaharia walikuja na kaskazi wakarudi na kusi. Ndipo uandike ubaoni: pepo za msimu. Neno limepata pa kukaa. Mwanafunzi wa Pwani ataleta methali na majina ya pepo kutoka nyumbani. Yule wa Singida utampatia njia nyingine, labda ya mwezi ambao vumbi huelekea upande fulani. Mfano usiojulikana na msikilizaji ni somo la pili juu ya somo la kwanza.

Usiongee mfululizo zaidi ya dakika saba au nane. Baada ya hapo wafanye kitu, hata cha dakika mbili: wachore, wamweleze jirani, wajibu swali moja kwenye daftari. Katika dakika 40 una nafasi ya vipande vitatu vya maelezo, na ukijaribu kubana vinne utamaliza wewe peke yako.

"Mmeelewa?" "Ndiyooo!"

Hili ndilo gonjwa kubwa la madarasa yetu, na lina sura mbili. Ya kwanza ni "Mmeelewa?", ambayo jibu lake halihusiani na kuelewa. Ni adabu. Mtoto aliyelelewa kumheshimu mkubwa hawezi kumwambia mwalimu mbele ya wenzake 80 kwamba maelezo yake hayakueleweka. Ya pili ni neno lililokatwa nusu: "Mji mkuu wa Tanzania ni Do…?" "Doma!" "Maji yakipata joto yanageuka kuwa mvu…?" "Ke!" Darasa linavuma, mwalimu anafurahi, na kilichopimwa ni uwezo wa kumalizia silabi. Mtu anaweza kujibu yote sawasawa bila kujua mvuke ni nini.

Kiitikio kina mahali pake: kuzoeza matamshi, kukariri jedwali la kuzidisha, kuamsha darasa la saa nane mchana. Kukitumia kupima ufahamu ndiko kunakotudanganya. Badili "Mmeelewa?" iwe swali linaloweza kujibiwa vibaya: "Nguo zilizoanikwa siku ya upepo na siku tulivu, jua likiwa lile lile, zipi zitakauka haraka, na kwa nini?" Badili neno lililokatwa liwe swali zima lenye neno la kuulizia.

Namna ya kuuliza ina mpangilio wake, na ukiugeuza unaharibu. Uliza. Nyamaza. Kisha taja jina. Ukitaja jina kwanza, "Asha, kwa nini…", wale wengine 79 wamepata likizo kabla swali halijaisha.

Kile kimya cha katikati ndicho kigumu. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima madarasa ya sayansi na kuonyesha, katika maandiko yake ya miaka ya 1970, kwamba walimu husubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kurudia swali, kulijibu wenyewe au kumgeukia mwingine. Walipofikisha tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa wakikaa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu si nyingi ukiwa umekaa; mbele ya darasa ni ndefu kama foleni ya benki. Hesabu kimoyomoyo "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu". Swali likiwa la "kwa nini", ongeza hadi tano. Halafu subiri tena baada ya jibu, kabla ya kusema "vizuri" au "hapana". Hapo ndipo mwanafunzi huongeza "…kwa sababu".

Jibu likija, usilirudie wewe kila mara. Ukiwa kipaza sauti cha kila mtu, darasa hujifunza kutowasikiliza wenzao. Wanangoja toleo lako. Mwambie asimame na ageukie wenzake, umwombe mwanafunzi wa mbali aseme alichosikia. Jibu likiwa bovu, tafuta sehemu iliyo sahihi na uitaje kwanza: "Umesema joto, na joto limo. Nini kingine kimebadilika?" Darasa likicheka aliyekosea, zuia kicheko hicho siku ya kwanza na kila siku, maana baada ya hapo hakuna mbinu ya kuuliza itakayowafanya wanyooshe mikono.

Kiingereza cha kidato cha kwanza

Kwa Tanzania, mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Anaifahamu usanisinuru, namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, tangu msingi. Sasa anakutana na jina lake la Kiingereza, *photosynthesis*, na hakuna anayemwambia kuwa ni ile ile. Mwambie. Sekunde kumi hizo zinamrudishia miaka ya masomo.

Neno jipya lipitie hatua hizi: litamke polepole, liandike, likate kwa silabi kwa mistari ya wima, walitamke wote (hapa kiitikio ni halali), kisha watatu walitumie katika sentensi. Maneno mapya yasizidi matano au sita kwa kipindi. Na usichanganye lugha ndani ya sentensi moja; mwanafunzi hajui tena aandike lugha gani. Ukilazimika kueleza kwa Kiswahili, eleza hadi wazo likae, kisha sema sentensi ya mtihani nzima kwa Kiingereza, mara mbili, pole pole, na iandikwe.

Ubao

Herufi ndogo, kama *a* na *e*, zisipungue sentimita 3 kwenye chumba cha mita 8. Mwenye macho mazuri angeona hata za sentimita moja na kidogo, lakini mwenye uoni wa 6/12, yaani anayelazimika kusogea mita 6 aone kile ambacho mwenye macho mazuri anakiona kwa mita 12, na ambaye mara nyingi hajui kuwa ana tatizo, anahitaji zaidi ya sentimita 2 kwa umbali huo, na bado hujaweka ukungu wa chaki. Gawa ubao sehemu tatu kwa mistari ya wima: kushoto msamiati usiofutwa hadi kengele, katikati maelezo, kulia michoro na hesabu za kufutika. Sehemu ya chini kabisa iache. Vichwa vya mbele vinaifunika. Kama shule ina projekta, sheria ni ile ile ya ukubwa, na somo liweze kuendelea umeme ukikatika.

Kuacha "sawa?" na kujipima tena

Maneno ya kujazia, "yaani", "sawa eeh", "kwa hiyo basi", hayaachwi yote kwa pamoja. Chagua moja, lile lililoongoza kwenye rekodi. Mpe kiranja kipande cha karatasi apige kijiti kila unapolisema, na mwisho wa kipindi akupe. Atafurahia kazi hiyo kuliko unavyodhani. Badala ya neno hilo weka kimya cha pumzi moja. Likipungua chini ya mara tano kwa kipindi, hamia jingine.

Mwenzako akija kukutazama, usimwombe "niambie umeonaje". Atakwambia "umefundisha vizuri, mwalimu", kwa sababu mtakunywa chai pamoja. Mpe jambo moja la kuhesabu: mikono mingapi imenyooshwa safu mbili za nyuma, au sekunde ngapi ulizosubiri baada ya kila swali. Na jihadhari na siku ya mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule: akikaa nyuma, walimu wengi hupandisha sauti, huongeza kasi na kuuliza "mmeelewa?" maradufu. Siku hiyo kadi yako ya maneno iwe mkononi, si mfukoni.

Fanya kazi na tatizo moja kwa wiki mbili, si yote kwa pamoja. Baada ya wiki sita rudisha simu kwenye dawati lile lile, kipindi kile kile cha nne, juu ya daftari, hali ya ndege. Hesabu namba zile nne upya na uziandike kando ya zile za mwanzo, pamoja na tarehe. Kama ya nne haijapanda, rudi kwenye kimya cha sekunde tatu kabla ya kugusa kitu kingine.